Kideri, Mdondo na Kazi ya Mkutubi

Ugonjwa mmoja wa kuku una majina matatu katika Afrika Mashariki. Wafugaji wengine huuita kideri, wengine mdondo, na daktari wa mifugo akiandika ripoti yake huuita Newcastle, jina la mji wa Uingereza. Chanjo yake inajulikana, dalili zake zimeelezwa katika vijitabu vya ugani, na maofisa wa mifugo wanaufundisha hadi vijijini. Hata hivyo, mfugaji anayelijua neno kideri peke yake anaweza kupita mbele ya kijitabu kizuri chenye jina jingine asijue kwamba kinamhusu. Maarifa anayoyahitaji yapo, yamechapishwa, na pengine yamo katika chumba kilekile alichosimama. Anachokosa ni mtu aliyekwisha kuandika, kwa utaratibu unaoeleweka, kwamba majina hayo matatu ni ya kitu kimoja.

Kuandika hivyo ndiyo kazi kubwa ya maktaba, na ndiyo kazi isiyoonekana. Serikali zikitaka kuonyesha kwamba zinajali usomaji hujenga jumba, zikahesabu viti na vitabu, zikakata utepe. Hayo ni mema, lakini jumba lenye vitabu laki moja ambavyo havikuelezwa sawasawa linamsaidia msomaji kidogo kuliko chumba chenye vitabu elfu tano vilivyoelezwa vizuri. Hoja ya safu hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwamba thamani ya maktaba imo hasa katika kuunganisha: jina na jina, mtunzi na kazi zake, swali la msomaji na lugha ya mtaalamu. Ya pili ni kwamba Kiswahili, kwa umbo lake na kwa historia ya maandishi yake, kinaihitaji kazi hiyo kuliko Kiingereza, lugha ambayo zana nyingi za kutafutia habari zilitengenezwa kwa ajili yake. Wanaosema kwamba intaneti imeimaliza kazi ya mkutubi wanapima kwa mizani ya lugha ya wengine.

Tuanze na rafu, kwa sababu ndiyo watu huiona. Kitabu ni kimoja na hukaa mahali pamoja. Kitabu kinachoeleza jinsi malaria inavyoenea katika mashamba ya mpunga ya umwagiliaji kinaweza kuwekwa penye tiba, penye kilimo au penye maji, lakini hakiwezi kuwekwa pote. Mkutubi huchagua mahali pamoja, na wasomaji wa fani mbili nyingine hukikosa. Upungufu huo hurekebishwa na katalogi, ambamo kitabu kimoja kinaweza kuingizwa mara nyingi: kwa mtunzi, kwa jina lake, na kwa kila mada inayokihusu. Mwaka 1876 mkutubi Mmarekani Charles Ammi Cutter aliandika kanuni za katalogi ambazo msingi wake haujatikisika hadi leo. Katalogi, alisema, imwezeshe msomaji kukipata kitabu akijua mtunzi, jina au mada. Imwonyeshe maktaba ina nini cha mtunzi huyo na cha mada hiyo. Na imsaidie kuchagua. Uzito uko katika lile sharti la pili. Kumpa msomaji kitabu anachokijua tayari ni kazi nyepesi. Kumwonyesha vyote vilivyopo kuhusu jambo lake, hata vile asivyodhani kwamba vipo, kunahitaji mtu awe ameamua mapema kwamba jambo hilo litaitwa kwa jina moja na majina mengine yote yataelekezwa huko. Ndiyo maana katalogi zina yale maelekezo mafupi ambayo msomaji huyapita bila kuyafikiria: Kideri, ona Mdondo; Mdondo, ona pia Chanjo za kuku.

Utaratibu huu haukuanzia Marekani. Karibu miaka mia tisa kabla ya Cutter, mwaka 987 au 988, Ibn al-Nadim wa Baghdad alitunga Fihrist, orodha ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua, akaigawa katika sehemu kumi kwa kufuata fani: maandiko matakatifu, sarufi, historia, mashairi, sheria, falsafa na nyinginezo. Vingi kati ya vitabu alivyovitaja vimepotea kabisa, na leo tunajua tu kwamba viliwahi kuandikwa kwa sababu yeye aliviorodhesha. Maelezo ya kitabu yaliishi kuliko kitabu. Wahenga wetu walilisema jambo hilo kwa upande wa biashara: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa maandishi ya Kiswahili daftari hilo lina mfano wake. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha katalogi ya hati za Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa orodha kama hiyo mtafiti aliye Mombasa au Hamburg anaweza kujua ni tenzi zipi zimehifadhiwa, nakala ngapi, na aulizie nini kabla hajakata tiketi. Hati isiyo katika orodha yoyote inaweza kuwa salama sandukuni kwa miaka mia, na bado kwa umma ikawa sawa na hati iliyoungua.

Sasa tuitazame lugha yenyewe, tukianza na msamiati. Kiswahili kinazungumzwa katika nchi nyingi zenye vyombo tofauti vya kuunda istilahi, na kila chombo kinapofanya kazi yake vizuri, visawe huongezeka. Mashine moja ni kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Teknolojia inayosemwa kila siku magazetini ni akili bandia kwa huyu, akili mnemba kwa yule na akili unde kwa mwingine. Mwanafunzi wa Nairobi aliyefundishwa tarakilishi na mwanafunzi wa Morogoro aliyefundishwa kompyuta wanaandika tasnifu kuhusu jambo lilelile, lakini mmoja akitafuta kwa neno lake hataiona kazi ya mwenzake. Upande wa pili, neno moja hubeba mambo mengi. Kaa ni mnyama wa baharini, ni kipande cha mkaa, na ni kitenzi cha kuishi au kuketi. Tembo ni mnyama wa porini na ni pombe ya mnazi, na anayetafuta habari za uhifadhi wa wanyamapori hataki kuletewa taarifa za ugemaji. Mashine inayolinganisha herufi tu haina namna ya kutofautisha. Mkutubi aliyekisoma kitabu, au angalau yaliyomo na dibaji yake, anajua kinazungumzia kipi, na akiandika kichwa cha mada anaumaliza utata huo mara moja kwa wasomaji wote watakaokuja.

Tatizo la pili liko ndani ya umbo la neno. Kiingereza kwa kawaida hubadilisha neno mwishoni. Umoja na wingi huanza kwa herufi zilezile, na kitenzi hubaki na sura yake upande wa mbele. Kwa sababu hiyo Martin Porter wa Cambridge aliweza, mwaka 1980, kuchapisha programu fupi ya kukata viambishi tamati, na programu hiyo pamoja na nyingine zilizoifuata zikaenea katika mitambo ya kutafuta duniani kote. Kiswahili hubadilisha neno mbele. Katika orodha ya alfabeti mkulima yuko M, wakulima wako W, kilimo kiko K, na ukulima uko U. Waraka huwa nyaraka, ukuta huwa kuta, jino huwa meno. Vitenzi ni vigumu zaidi: katika neno hawakusomeshwa, mzizi umezungukwa na viambishi pande zote mbili, na mtu anayeandika soma katika kisanduku cha kutafutia hataufikia kwa kulinganisha herufi za mwanzo. Watunga kamusi waliligundua hilo zamani. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyakusanya maneno mengi chini ya mizizi yake badala ya kuyaacha yatawanyike. Na mtu akidhani kwamba dawa ni kukata viambishi awali kama Porter alivyokata vya mwisho, ajaribu neno mlima. Likiondolewa m- linabaki lima, na Kilimanjaro unajikuta pamoja na jembe.

Dawa ya kweli ipo. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga kwa miaka mingi mfumo uitwao SALAMA, unaolichambua neno la Kiswahili kwa kufuata sarufi yake, ngeli kwa ngeli na kiambishi kwa kiambishi. Kazi hiyo inaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba kompyuta inaweza kufundishwa umbo la Kiswahili, na kwamba haifundishiki kwa kuazima chombo cha lugha nyingine. Maktaba inayonunua au kupakua mfumo wa katalogi uliotengenezwa ng'ambo haipati uchambuzi huo ndani ya kifurushi. Inapata kisanduku cha kutafutia kinachofanya kazi vizuri kwa vitabu vya Kiingereza na kinachobahatisha kwa vitabu vya Kiswahili. Kisha msomaji akikosa kitabu hulaumiwa yeye kwamba hajui kutafuta.

Tatizo la tatu ni majina ya watu na ya kazi zao. Katalogi nyingi zimejengwa juu ya dhana kwamba jina la mwisho ni jina la ukoo. Kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la baba au la babu. Shaaban Robert akiwekwa chini ya Robert, anawekwa chini ya baba yake, na msomaji anayemtafuta penye Shaaban anarudi mikono mitupu. Mwandishi wa riwaya ya Utengano anajulikana kwa wasomaji wa fasihi kama Said Ahmed Mohamed, lakini makala zake za kitaaluma zimetoka kwa jina la Said A. M. Khamis. Bila rekodi inayosema kwamba hawa wawili ni mtu mmoja, mwanafunzi anaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu riwaya zake bila kuziona hoja ambazo mwandishi huyohuyo alizitoa kuhusu riwaya ya Kiswahili. Utenzi mkongwe wa Mwengo bin Athumani wa Pate, ambao hati yake ina tarehe ya mwaka 1141 wa Hijra, yaani 1728, unaitwa Utendi wa Tambuka, Utenzi wa Tambuka, na pia Chuo cha Herekali. Shujaa wa Pate huandikwa Liongo na Liyongo. Hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilipohamishiwa herufi za Kirumi, kila mhariri alifuata tahajia yake, na wengine walikuwa Wajerumani, wengine Waingereza, wengine wenyeji wa Lamu na Mombasa. Wakutubi hulitatua tatizo hili kwa orodha ya majina sanifu: jina moja huteuliwa kuwa kichwa, na sura zake nyingine zote hurekodiwa chini yake. Kazi hiyo inachosha na haina sifa, lakini hakuna programu itakayojua kwamba Tambuka na Herekali ni utenzi mmoja ikiwa hakuna mahali ambapo mtu ameandika hivyo.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa wale wanaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati. Mitambo ya kisasa, wanasema, haitegemei tena kulinganisha herufi. Imesoma mabilioni ya maneno, inajua visawe, inaelewa Kiswahili, na itamjibu mfugaji bila katalogi. Kuna ukweli hapa na haufai kukataliwa. Kwa mambo yanayoandikwa sana, kama mpira, siasa, malaria au mitihani ya taifa, mitambo hiyo humfikisha mtu haraka. Lakini tuangalie inavyojifunza. Hujua kwamba maneno mawili yana maana moja kwa kuyakuta katika mazingira yanayofanana, mara nyingi, katika maandishi yaliyo mtandaoni. Neno linalosemwa zaidi kuliko linavyoandikwa, au lililoandikwa katika kijitabu kilichopigwa chapa miaka ya 1980 na kubaki karatasi, halina ushahidi wa kutosha wa kujifunziwa. Sehemu kubwa ya maarifa ya vitendo kwa Kiswahili iko hivyo: vijitabu vya ugani, ripoti za wilaya, miongozo ya vyama vya ushirika, tasnifu zilizofungwa kwa jalada gumu, magazeti ya zamani. Mtambo hauwezi kutafuta kisichokuwamo ndani yake. Zaidi ya hayo, mitambo inayojibu kwa sentensi kamili imeonekana ikibuni majina ya vitabu na ya kesi ambazo hazijawahi kuwapo. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza faini mawakili waliowasilisha hukumu za kubuni walizopewa na programu ya aina hiyo. Katalogi inaweza kukosa kitabu kilichopo, na hilo ni kosa, lakini rekodi yake kwa kawaida hutengenezwa na mtu aliyekishika kitabu chenyewe mkononi. Kadiri majibu ya kubuni yanavyoongezeka, ndivyo orodha ya mambo yaliyothibitishwa kuwapo inavyopanda thamani. Hata hao wanaotengeneza mitambo wanaihitaji.

Pingamizi zito zaidi halikutoka kwa wauza programu. Lilitoka maktabani. Cyril Cleverdon, mkutubi wa chuo cha mambo ya ndege huko Cranfield, Uingereza, aliendesha majaribio yaliyoweka msingi wa sayansi nzima ya kutafuta habari. Katika awamu ya pili, iliyokamilika mwaka 1966, alikusanya makala 1,400 na maswali zaidi ya mia mbili ya watafiti wenyewe, kisha akalinganisha njia mbalimbali za kuzielezea makala hizo. Wakutubi walitarajia kwamba orodha za mada zilizopangwa kwa uangalifu zitashinda. Zilishindwa. Maneno mojamoja yaliyochukuliwa kutoka katika makala zenyewe yalifanya vizuri zaidi. Mtu anayetetea kazi ya kuelezea vitabu kwa mkono akiyapuuza matokeo hayo hajibu swali, analikimbia.

Matokeo hayo yasomwe pamoja na masharti yake. Makala zote zilikuwa za fani moja, kwa lugha moja, na waliouliza maswali walikuwa wataalamu waliotumia msamiati uleule wa waandishi. Hakukuwa na mfugaji anayesema kideri mbele ya mwandishi anayesema mdondo. Pengo ambalo vichwa vya mada huliziba, kati ya mlei na mtaalamu na kati ya eneo na eneo, lilikuwa dogo mno tangu mwanzo. Kisha kuna jambo ambalo husahaulika mara nyingi majaribio hayo yanapotajwa: njia iliyoongoza ilikuwa ile ya maneno mojamoja yaliyounganishwa na maumbo yake mengine, umoja na wingi wake, kitenzi na nomino yake. Kwa Kiingereza kuunganisha huko ni kukata mkia. Kwa Kiswahili ni uchambuzi mzima wa sarufi, na pale ambapo uchambuzi huo haujawekwa, neno moja la makala haliwakuti ndugu zake. Cranfield inatufundisha kwamba faharasa za kifahari hazina faida pale ambapo lugha ya msomaji na ya mwandishi ni moja na umbo la maneno ni jepesi. Kiswahili hakitimizi sharti lolote kati ya hayo mawili.

Pingamizi la tatu ni la heshima. Mifumo ya kupanga maarifa tuliyorithi ina ubaguzi ndani yake, kwa hiyo kuitetea katalogi, wanasema wengine, ni kuutetea ukoloni kwa tarakimu. Ushahidi wao ni mzuri. Katika mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka uleule wa 1876, Kiingereza kina fungu zima la 420, Kijerumani 430, Kifaransa 440, na Kilatini, lugha isiyo na watoto wanaoizungumza, kina 470. Lugha zote za dunia zisizopewa fungu lake zimebanwa katika 490, na Kiswahili kinapatikana penye 496.392. Katika dini, sehemu kubwa ya 200 ni ya Ukristo, na Uislamu umepewa 297. Mfumo wa Maktaba ya Congress ya Marekani unakiweka Kiswahili katika kundi moja na lugha za Asia ya Mashariki na za visiwa vya Pasifiki. Tarakimu ndefu si aibu tu. Ina hasara ya vitendo. Maktaba ya Tanzania yenye maelfu ya vitabu vya Kiswahili hujikuta imevibana vyote nyuma ya nukta moja, huku mafungu ya lugha ambazo haina vitabu vyake yakibaki wazi.

Pamoja na hayo, ubaguzi ulioandikwa katika orodha una sifa moja: unaonekana, na kinachoonekana hurekebishika. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkutubi Mmarekani Sanford Berman alifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia. Huko alitambua kwamba kichwa cha mada ambacho Maktaba ya Congress ilikitumia kwa baadhi ya watu wa kusini mwa Afrika, Kafirs, kilikuwa tusi masikioni mwa wahusika. Mwaka 1971 alichapisha kitabu kinachokagua vichwa vya aina hiyo kimoja kimoja na kupendekeza mbadala, na marekebisho mengi yalifuata kwa miaka. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu orodha ilikuwa wazi, ina mistari, na kila mstari una mwenyewe anayeweza kuandikiwa barua. Mpangilio wa matokeo ya mtambo wa kutafuta ni siri ya kampuni. Ukikudharau huna mstari wa kuunyooshea kidole. Naye S. R. Ranganathan wa Madras, aliyeona kwamba mfumo wa Dewey hauyatoshi maarifa ya India, hakuacha kuainisha. Mwaka 1933 alichapisha mfumo wake mwenyewe, unaojenga mada kwa kuunganisha pande zake badala ya kuitafutia kisanduku kilicho tayari, na nadharia yake ikaja kufundishwa hata Ulaya na Marekani. Jibu la orodha mbaya ni orodha bora yenye wenyewe.

Linabaki pingamizi la fedha, na kwa wakuu wa maktaba ndilo la kila siku. Maktaba ya wilaya ina bajeti ndogo, vitabu vimechakaa, umeme unakatika, na mimi nazungumzia orodha za majina sanifu. Je, si afadhali fedha hizo zikanunue vitabu? Lingekuwa swali la haki kama kila maktaba ingelazimika kuifanya kazi hii peke yake. Lakini maelezo ya kitabu yana tabia tofauti na kitabu: yakitengenezwa mara moja yanaweza kutumiwa na wote bila kupungua. Maktaba ya Congress ilianza kuuza kadi zake za katalogi kwa maktaba nyingine mwaka 1901. Mwaka 1971 maktaba za vyuo vya Ohio zilianza kutumia katalogi ya pamoja kwa kompyuta, ambamo maktaba ya kwanza kukielezea kitabu iliziondolea nyingine zote mzigo huo. Leo kuna mifumo ya bure kama Koha, iliyoanzia New Zealand na kutumika sasa katika maktaba za vyuo vingi barani Afrika. Gharama iliyobaki ni ya watu wachache wenye ujuzi na makubaliano kati ya taasisi. Kwa upande mwingine wa hesabu, kununua vitabu ambavyo msomaji hatavipata nako ni gharama, ila haiandikwi katika taarifa ya mwaka.

Misingi ya ushirikiano huo ipo tayari. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilitoa huduma za vitabu na maktaba kuvuka mipaka ya makoloni kabla nchi zetu hazijawa na maktaba za taifa. Tanganyika ilipitisha sheria yake ya huduma za maktaba mwaka 1963 na Kenya mwaka 1965. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na mwenzake wa Kenya hupokea kisheria nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, kwa hiyo kitabu kipya cha Kiswahili kinapaswa kupita mikononi mwa mkutubi wa serikali. Hapo ndipo pa kuanzia. Kila kitabu cha Kiswahili kinachopokelewa kipewe vichwa vya mada kwa Kiswahili, pamoja na visawe vyake, na rekodi hiyo iwekwe wazi kwa maktaba yoyote ya Mombasa, Lubumbashi au Muskati inayotaka kuinakili. Orodha ya kwanza isijaribu kuimeza dunia nzima. Afya ya binadamu, mifugo, mazao, ardhi na sheria za kazi zinatosha, kwa sababu ndiko mlei na mtaalamu wanakotofautiana zaidi kwa maneno, na ndiko kukosa habari kunakoumiza. Mabaraza ya Kiswahili, BAKITA na BAKIZA, pamoja na wataalamu wa isimu wa vyuo vikuu wana istilahi; maofisa ugani wana maneno ya wafugaji na wakulima; wakutubi wana ujuzi wa kuyaunganisha. Orodha sambamba ya waandishi wa Kiswahili, yenye majina yao yote na tahajia zake, inaweza kuanza na watunzi wanaofundishwa mashuleni.

Nisingependa hoja hii ikubaliwe kwa imani. Cleverdon alitupa njia ya kuipima, na njia hiyo haihitaji jengo jipya. Maktaba kadhaa za mikoa ziandike, kwa miezi michache, maswali ya wasomaji kwa maneno yaleyale wanayoyatumia wanapofika mezani, bila kuyasanifisha. Zichukue vitabu na vijitabu ambavyo wataalamu wa fani wamethibitisha kwamba vinajibu maswali hayo. Kisha zilinganishe: kisanduku cha kutafutia cha sasa, mtambo wa intaneti, programu ya akili bandia, na katalogi iliyopewa vichwa vya mada na visawe vya Kiswahili. Kipimo kiwe kimoja kwa wote, yaani ni maswali mangapi yalimfikisha msomaji kwenye kitabu sahihi. Mitambo ikishinda, fedha ziende huko na wakutubi wapangiwe kazi nyingine bila malalamiko. Katalogi ikishinda, basi taarifa za mwaka za maktaba zetu ziache kujivunia idadi ya viti na vitabu, ziripoti idadi ya maswali yaliyopata majibu, na bajeti ya kuelezea vitabu isimame katika fungu lake mbele ya bajeti ya kuvinunua.